Subiri, Mama Yangu Ana Neno

Mwanangu Ireri,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mdogo wangu Wanja ninayelala naye kitanda kimoja. Wiki hii yote nimekuwa nikijifunza kutema mate ya baraka. Jioni nikipelekea ng'ombe majani ya nepia, naenda nyuma ya zizi, nasimama mbele ya mparachichi, najifanya shina lake ni kifua chako, kisha natema. Kidogo tu, kama umande, vile Baba alinionyesha. Mbele ya mti naweza. Lakini ng'ombe akigeuza kichwa kuniangalia, mdomo unakauka kama unga. Ng'ombe tu, Ireri. Na kesho asubuhi, ukiagwa kwenda Nairobi, uwanja utakuwa na watu wa kanisa, majirani, Shangazi wa Kibirichia, na Bwana Nthiga na tai yake.

Ndiyo maana naandika. Ikiwa kesho nitasimama hapo kama mlingoti nishindwe kukubariki, angalau utakuwa na karatasi.

Tena unaona nimeanzaje. Mwanangu. Wewe umeniita Maitu, yaani mama, tangu nikiwa mtoto wa kubebwa, unaniita mbele ya marafiki zako, unaniita ukiwa na njaa, na mimi sijawahi hata siku moja kuitika vile inavyofaa. Nasema "Ireri" tu, au nasema "ee". Nimeandika lile neno mara moja hapo juu na masikio yangu yamekuwa moto.

Unajua vile mambo yalivyo, lakini wacha niyaweke hapa niyaone. Msichana wa kwanza kwetu hupewa jina la mama ya baba yake. Kwa hivyo mimi ni Wambeti kwa sababu nyanya alikuwa Wambeti, na Baba akiniita kuchota maji ananiita mama, na wewe, ndugu yake wa mwisho, unaniita mama, ingawa umenizidi miaka na mabega. Watu wa mji wakisikia wanacheka. Sisi hapa hatucheki sana. Nyanya alipofia hospitali kule Embu mjini, wewe ulikuwa darasani, hakuna aliyekuja kukuita, na ulipofika nyumbani wanawake walikuwa wameanza kuimba. Shangazi anasema ulikataa kula. Ulikaa pale kwa ngazi ya jikoni, uji ukapoa, viazi vya waru vikapoa, Baba akakubembeleza, akakugombeza, wapi. Ndipo mimi, niliyekuwa najifunza kutembea, nikaokota kiazi kimoja kwa sahani yako nikakibonyeza mdomoni mwako na vidole vyangu vichafu. Ukatafuna.

Sikumbuki hata kidogo. Lakini nimesimuliwa mara nyingi mpaka nahisi ule unga wa waru kwenye vidole.

Kwa hivyo juzi Baba aliposema kwenye chakula, "Pasta ataomba, halafu mama yake atamtemea," hakuna aliyeuliza ni mama gani. Wote waligeuka wakaniangalia mimi. Nikaangalia ugali.

Shangazi akajaribu kunisaidia. "Huyu mtoto ana haya. Achukue maji kidogo mdomoni, nani atajua?"

"Maji ni ya bomba," Baba akasema. "Mate ni ya mama."

"Haya mambo ya zamani, wewe na uzee wa kanisa."

"Mungu alinipa mate kabla ya kunipa uzee wa kanisa."

Na wewe ukacheka, ukasema, "Nisipotemewa siendi Nairobi." Kila mtu alidhani unatania. Mimi nilikuangalia mkono. Ulikuwa umeshika kijiko na hukuwa unakula.

Sitakuambia usitembee usiku wala ufunge mlango. Shangazi ana orodha yake ya hayo na atakumalizia hewa yote kabla hujafika getini. Mimi nataka kukukumbusha habari ya kadi, kwa sababu ndiyo inayokupeleka, na kwa sababu nadhani unaikumbuka vibaya. Wewe unapoisimulia, unasimulia nilivyokuokoa. Haikuwa hivyo.

Ilianza na Bwana Nthiga kutaka vijana. Ofisi yake ya kuchapa, ulikokuwa ukifanya kazi, ilijaa mchana, watu wakiandikiwa barua za kuomba kazi, na jioni ikawa tupu. Akasikia kwamba Nairobi watu wanalipa kukaa mbele ya kompyuta na kukimbiza magari ya uwongo. Akakwambia, "Ireri, hii kompyuta ya kona igeuze iwe ya magari." Wewe ukaujaribu ule mchezo, na gari likawa linasonga kama mtu anayefungua albamu ya harusi, picha moja, halafu nyingine, halafu umegonga ukuta ambao hukuuona ukija. Vijana wakakucheka. Ukaambiwa inatakiwa kadi ya picha, kile kibao cha kijani kinachokaa ndani na kuichorea skrini, lakini moja yenye nguvu, ya kuchora vitu vyenye upande wa nyuma.

Uliniletea yale majarida ya Kiingereza uliyoyapata kwa wauza vitabu vikuukuu. Nilikuwa nimefunga shule. Tulikaa jikoni, mimi nasoma Kiingereza, nakigeuza Kiswahili, na pale Kiswahili kiliponiishia nakigeuza Kiembu, na Kiembu kilipokataa nachora kwa kijiti kwenye jivu. Wewe unauliza, "Megabaiti ni nini?" Nami nikajibu kama mwalimu, "Ni kumbukumbu yake. Nane ni zaidi ya nne." Ukauliza, "Kwa hivyo tunataka nane?" Nikasema, "Tunataka nane."

Ukurasa uliofuata ulikuwa na mchoro wa nafasi, ile mifereji ya plastiki ndani ya kompyuta ambako kadi inachomekwa. Kulikuwa na maneno pale nisiyoyajua. Ningeweza kusema, "Hapa sielewi." Lakini ulikuwa umeniangalia kwa macho yale ya Maitu anajua yote, nami nikaona haya kutojua, nikafungua mbele. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na ukitaka kujua ukubwa wake, limekaa kwenye karatasi moja tu. Nilisoma niliyoyaelewa, na yale niliyoyaruka nikayajaza kwa sauti ya kujiamini.

Ukaenda Nairobi peke yako ukarudi na nane. Jioni ile Baba alikuja mjini kuchukua dawa ya ng'ombe akapitia ofisini kutuona. Alitukuta tumeinama juu ya kompyuta iliyofunguliwa tumbo, na kadi mkononi mwako, mpya, inang'aa, na haiingii. Uliigeuza. Uliisukuma. Ilikataa kama mguu wa mtu mzima kwenye kiatu cha mtoto.

Baba akavua kofia. "Nini hiyo?"

"Kadi, baba ya Wambeti. Imekataa."

"Mliichagua kwa nini?"

"Ni kubwa. Iko na nane."

"Nani alisema nane ni nzuri?"

Hukunitaja. Nikasema mwenyewe, kwa sauti ya panya, "Ni mimi. Nilisoma kwa gazeti."

"Na gazeti lilisema zizi linataka upana gani?"

Baba akavaa kofia yake. "Mliangalia kiwele," akasema, akaenda zake.

Wewe ulikuwa unaijua hadithi ile, sote tunaijua. Yeye mwenyewe akiwa kijana alienda mpaka kule Kanyakine akanunua ng'ombe mwenye kiwele cha kuburura chini, akamleta kwa miguu akiimba njiani. Aliyemuuza hakuwa amemkama tangu jana yake. Maziwa yakatoka siku ile yakajaza ndoo, na kesho yake kikombe. Tena alikuwa ng'ombe mrefu kuliko zizi, akalala na miguu nje, mvua ikimnyeshea kwato. Baba husema alijifunza siku ile kwamba kabla ya kwenda sokoni unaanza kwa kupima zizi, halafu unauliza atakula nini, halafu ndipo unaangalia ng'ombe, na kiwele unakiangalia mwisho, tena kwa jicho moja.

Usiku ule nilirudi kwenye ule ukurasa. Nilichukua kamusi. Nikaelewa kwamba kompyuta ya Bwana Nthiga, kwa umri wake, ina nafasi nyeusi na nyeupe tu, na kadi uliyonunua ilitaka nafasi ya rangi ya kahawia ambayo kompyuta yetu haikuwahi kuzaliwa nayo. Asubuhi nilikwambia. Ukasema, "Basi twende sisi wawili."

Sasa hapa ndipo unaposimulia vibaya, kwa hivyo sikiliza.

Duka lile la Nairobi lilikuwa dogo na lenye watu. Mzee wa duka, na ile sweta yake ya mikono iliyotoboka viwiko, alikuwa mtu wa haraka. Alikubali kubadilisha, lakini kabla hujamaliza kusema alikuwa ameshaweka kadi nyingine kwenye kaunta. "Hii ndiyo moto. Kumi na sita. Vijana wote wanachukua hii." Nikaona ukingo wake wa chini, yale meno ya dhahabu. Yalikuwa na umbo lile lile la ile ya kwanza. Nikajua haitaingia. Nikafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Ulimi ulikuwa umeshika juu. Nyuma yangu mtu alikuwa ananisukuma kidogo aone kaunta, na mzee wa duka alikuwa ameshaanza kuifunga, na mimi nilikuwa nimesimama na sweta yangu ya shule nikiwa nimeshika ncha ya koti lako. Sikulivuta. Nililishika tu.

Na wewe ulisikia. Sijui ulisikia nini, kwa sababu sikusema kitu. Uliweka kiganja chako juu ya ile kadi ukasema, "Subiri, mzee. Mama yangu ana neno."

Mzee akatazama mlangoni. Akatazama nyuma ya wateja. "Mama yuko wapi?"

"Huyu hapa."

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, mpaka akaona wewe huchezi. "Huyu mtoto wa shule ndiye mama?"

"Ndiye."

"Haya, mama. Sema."

Nikashindwa tena. Kijana mmoja nyuma akasema, "Maze, tutalala hapa." Mtu yeyote mwingine angenigeukia akaniambia, Wambeti, sema basi, usinitie aibu. Mtu yeyote mwingine angekisia akasema kwa niaba yangu. Wewe uligeuka ukamwambia yule kijana kwa upole kabisa, "Kama una haraka pita mbele, sisi tunangoja." Kisha ukaegemea kaunta kama mtu aliye kwake. Hukuniangalia hata. Ungeniangalia ningekufa. Ulisoma maandishi kwenye maboksi ukutani, moja baada ya jingine, ukingoja.

Kijana akapita, akanunua diski zake, akaenda. Mwingine akanunua waya. Mzee wa duka akaninyooshea chupa yake mwenyewe ya soda, iliyobaki nusu. Nikanywa. Na ndipo nikasema, "Zetu ni nyeupe. Hiyo inataka ya kahawia. Na ni mchezo wa magari tu, si wa kazi. Tunataka hata nne, ikiwa inajua kuchora ukungu na iingie kwa nyeupe."

Mzee akaondoa ile ya kumi na sita kwenye kaunta. Akaingia chini, akatoka na boksi dogo lenye vumbi, akalipangusa kwa kiwiko. "Hii haina jina kubwa. Lakini kwa hilo zizi lenu," akasema, kwa sababu wewe ulikuwa umeshaanza kumsimulia habari ya Baba na ng'ombe wa Kanyakine, "kwa hilo zizi lenu hii italala vizuri."

Kwa hivyo usiwaambie tena watu kwamba Maitu alikuokoa dukani. Maitu alikuwa na jibu na hakuwa na mate. Ni wewe uliyelingoja mpaka likatoka. Nimesoma shule ya lugha mbili, Ireri, na walimu wazuri, na nikikwama kusoma kwa sauti darasani wanahesabu mpaka tatu kisha wanamtaja mwingine. Hakuna aliyewahi kuningoja hivyo.

Tuliporudi ulizima stima ukutani, ukachomoa waya, ukagusa chuma cha kompyuta kwanza kama mtu anayemtuliza ng'ombe kabla ya kukama. Kadi ikaingia na mlio mmoja mdogo. Ukafunga skrubu. Ukawasha. Na barabara ikaja, Ireri. Haikurukaruka. Ilikuja kama maji, na mbele yake mlima, na juu ya mlima ukungu wa kweli unaofungua na kufunga. Ulikaa na mikono juu ya vitufe vya kompyuta ukasahau kuendesha. Ukasema, "Maitu, hii ni Kibirichia." Na Shangazi alipoletwa kuona wiki ile, akaangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kwetu barabara si nzuri hivyo. Na waru zimepandwa wapi?"

Halafu ule mwezi simu ikapigwa ofisini kwa Bwana Nthiga. Mzee wa duka alikuwa anamtafuta "yule kijana wa mama". Bwana Nthiga anasema mzee alimwambia, "Vijana wa kuongea ninao wengi. Nataka mmoja anayejua kunyamaza mteja akifikiria." Bwana Nthiga alikuja mwenyewe mpaka hapa kwa miguu, na viatu vyake vya mji vikiwa vimejaa matope mekundu, kumwambia Baba kwamba anakuacha uende ingawa inamuuma. Baba alimkamia chai ya maziwa matupu. Aliposhika njia kurudi, Baba alienda zizini akakaa huko kwa muda. Nilimpelekea taa. Alikuwa anamkuna ng'ombe kichwa. Akaniambia, "Maitu, mtoto wako amechaguliwa bila kuangaliwa kiwele."

Nimetaka kukupa neno hilo muda mrefu. Sasa unalo.

Huko utauza kadi kila siku. Watakuja watu wamekariri namba, kama mimi, wanataka nane, wanataka kumi na sita, na hawajafungua kompyuta zao kuona ndani kuna nini. Usiwacheke. Walisoma ukurasa mmoja wakaona haya kuuliza ule mwingine. Waulize tu kompyuta inakaa wapi, ina umri gani, na wanataka kucheza nini. Na akija mtu akasimama kimya huku amekushika koti, wewe unajua la kufanya kuliko mimi. Nilichojifunza mimi ni upande ule mwingine: kwamba nikiwa na neno halitaoza kwa kukawia. Nilikuwa nadhani likikaa mdomoni linaharibika. Yule mzee alilipokea likiwa limechelewa na bado lilikuwa na thamani yake.

Shangazi anamenya waru za kesho pale jikoni na anaimba sauti ya kwanza peke yake, anangoja Wanja aitikie, na Wanja amelala. Nguo zako ziko kwenye begi. Lile boksi la kadi, uliloligeuza kuwa nyumba ya skrubu zako, nimeliona umeliweka juu kabisa, chini ya zipu. Nitaikunja karatasi hii niiweke chini ya skrubu. Hutaiona kesho, wala kesho kutwa. Utaiona siku utakapokosa skrubu moja ndogo na mteja anangoja, na utalazimika kumwaga zote. Itakuwa vizuri hivyo. Utakuwa na kazi mkononi na hutaweza kulia.

Nasikia mtu uani. Si gambuti za mpira za Baba. Ni vile viatu vyako vipya, bado vinalia kwa ngozi. Vimepita jikoni, Shangazi ameuliza, "Unatafuta nini?" na umesema, "Namtafuta Maitu." Nimefunika maandishi kwa mkono, kama kawaida yangu, wino umechafuka hapo chini, utanisamehe.

Umefika mlangoni. Hujabisha. Naona kivuli cha viatu chini ya mlango, kimetulia. Nadhani umekuja kuniambia kwamba si lazima kesho, mbele ya watu wale wote, na kwamba hata hapa, sisi wawili, itatosha. Au hukuja kusema kitu. Umesimama tu unangoja, mwanangu, huna haraka.

Naikunja. Mdomo wangu una mate. Simezi.